Jeni Fiche, si Jeni Dhaifu

Kipeperushi kilichonifikia Tunduma kinawaeleza wazazi kwamba mtoto huweza kuzaliwa kiziwi akirithi "jeni dhaifu" pande zote mbili. Aliyekiandika ana shahada, sina shaka. Kiswahili ndicho kilichomshinda.

Mama wa Vwawa au Mlowo akisoma hapo ataelewa nini? Kwamba kuna damu dhaifu nyumbani, na mawifi hawatachelewa kuamua ni ya nani. Ilhali baba anasikia, mama anasikia. Kila mmoja amebeba nakala moja yenye hitilafu bila kujijua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto kiziwi.

Neno la kimataifa, recessive, limetoka katika kitenzi cha Kilatini recedere, yaani kurudi nyuma, kujitenga. Mendel, mtawa wa Brno, alilitumia katika makala yake ya 1866 kuhusu njegere na akatoa sababu: sifa hizo hutoweka kwenye mahuluti, kisha huibuka katika kizazi kinachofuata bila kubadilika. Bila kubadilika! Kilicho dhaifu hakirudi kizima namna hiyo. Kilikuwa kimejificha, basi kiitwe fiche, kama wanafasihi wasemavyo maana fiche. Sukari ya magendo iliyofunikwa turubai kwenye lori la kuvuka mpaka kwenda Nakonde haiitwi sukari dhaifu.

Wapo wanaopigania "jeni rejevu". Hao angalau walifungua kamusi ya Kilatini. Kuifunga ndiko kulikowashinda. Mtu wa Tunduma akisikia rejevu atadhani ni abiria aliyerudishwa mpakani. Kamati niliyoipelekea hoja yangu, nayo, ilijibu kwa sentensi moja kuwa dhaifu "limeshazoeleka". Hata bubu lilizoeleka, mpaka viziwi wenyewe walipolikataa.

Tazama jeni ya selimundu, ambayo nayo ni fiche: mwenye nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Udhaifu uko wapi? Au GJB2, iliyobainika 1997 kuwa chanzo cha uziwi. Jeni hii hutoa maelekezo ya koneksini 26, protini inayopitisha potasiamu kati ya seli za koklea, ndani ya sikio. Kwa Waafrika wengi si chanzo kikuu kama ilivyo Ulaya, lakini katika kijiji cha Adamorobe, Ghana, hitilafu yake moja imedumu vizazi na vizazi, hata kijiji kikajipatia lugha yake ya alama. Dhaifu hiyo ina nguvu za ajabu.

Fiche halifai kila mahali, na sijawahi kudai hivyo. Ipo hitilafu ya mitokondria inayopitishwa na mama peke yake; mtoto aliyeirithi akichomwa jentamaisini anaweza kupoteza usikivu. Hapo hata nasaba, ambayo kwa Waarabu hufuata ukoo wa baba, inapwaya, na waliotuletea "vinasaba" badala ya jeni hawakuliona hilo.

Upimaji wa usikivu wenyewe ni mambo mafupi: kifaa kidogo huwekwa sikioni mwa mtoto mchanga aliyelala kupima mwangwi wa koklea, usiposikika hata akirudiwa, hupelekwa kwa bingwa wa masikio, na kipimo cha jeni hufuata panapowezekana. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya koklea tangu 2017. Majibu yakitoka, daktari atalazimika kuwaeleza wazazi wote wawili, wakiwa pamoja, na neno la kutumia nimeshampa.