Baa za Historia na Tembe la Kwihara

Katika miji yetu mikubwa imezuka aina ya starehe ambayo wanahistoria tumeichukulia kwa wepesi mno. Mtu hatoki tena usiku ili anywe na kula tu. Anatoka ili aingie katika dunia nyingine kwa saa tatu au nne. Baa hupambwa ifanane na meli, na gereji, na kijiji cha bibi, na kambi ya wawindaji wa mwaka 1920. Vinywaji hupewa majina ya watu waliokufa zamani, na wahudumu huvikwa mavazi ambayo babu zao waliyavaa kwa kulazimishwa. Anayelipa bili anadhani amenunua chakula. Kwa kweli amenunua pia tafsiri ya historia, na mara nyingi ni tafsiri ambayo hakuna aliyeihakiki.

Sisemi haya kwa kudharau. Nimekaa katika baadhi ya kumbi hizo nikafurahi kama mtu mwingine yeyote. Pale Shangani, Zanzibar, jengo lililokuwa Ubalozi mdogo wa Uingereza tangu mwaka 1841 hadi 1874, ambamo Burton na Speke walipokelewa na ambamo mwili wa David Livingstone ulihifadhiwa kabla ya kupelekwa Uingereza, lilikuja kuwa mgahawa wenye jina la Livingstone, meza zake zikiwa juu ya mchanga. Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Africa House, iliyokuwa Klabu ya Waingereza tangu mwaka 1888, ambako wageni hukusanyika kutazama jua likizama. Nairobi nako, Hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904 ilikuwa na baraza lenye jina la Lord Delamere, mlowezi aliyejitwalia maelfu ya ekari za Bonde la Ufa. Hoteli ya Stanley ina baa inayokumbusha kwamba biashara ya hisa ya Nairobi ilianzia humo mwaka 1954. Zanzibar ilikuwa pia na baa ya Mercury's, kwa heshima ya Farrokh Bulsara aliyezaliwa kisiwani mwaka 1946 na ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, kikundi cha kidini kiliipinga kwa nguvu. Wale wapinzani, hata kama hukubaliani nao, walielewa jambo moja ambalo wanywaji wengi hawalielewi: jina lililo juu ya mlango wa baa ni kauli ya hadharani.

Sasa nieleze kwa nini Kwihara. Mfanyabiashara mmoja, mtu mzima kunizidi, alinifuata ofisini akiwa na michoro ya ukumbi anaotaka kuujenga Dar es Salaam. Dhamira yake ni msafara wa kale: njia ya Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Kuta za udongo mwekundu kama tembe, taa za kandili, wahudumu wenye kanzu na kofia, mizigo ya turubai kuning'inia darini. Orodha ya vinywaji ilikuwa tayari: kulikuwa na Stanley, Livingstone, Burton na Speke. Na kwenye ukuta wa mwisho, nyuma ya kaunta, alikuwa amechora minyororo ya shingo.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "hii minyororo ni ya nini?"

"Ni mapambo, Dokta. Ndiyo historia yenyewe."

Nilimwomba wiki mbili nifikiri, na fikra zangu zote ziliishia Kwihara.

Kwihara ni kijiji kilicho kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora, katika nchi iliyoitwa Unyanyembe. Karne ya 19 hapo ndipo palipokuwa kitovu cha biashara ya bara. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikutana hapo, ikalipana, ikaajiri wapagazi wapya, ikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na Katanga. Burton na Speke walifika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani, wakapokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman aliyewapa nyumba na mazungumzo ya kiungwana. Kiongozi wa msafara wao alikuwa Said bin Salim. Huyu ndiye aliyekuja kuwa liwali wa Unyanyembe, na ndiye aliyempa Henry Morton Stanley nyumba ya Kwihara mwezi Juni 1871.

Simulizi ya Stanley kuhusu ukarimu aliokutana nao ingemtosha mpishi yeyote wa mgahawa wa dhamira. Ililetwa sinia ya kuku wa mchuzi wa bizari na wali, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga. Kisha wakaswagwa ng'ombe, kondoo na mbuzi wa zawadi, wakafuata kuku na mayai. Msomaji wangu, tafuta katika simulizi hiyo jina la aliyepika. Hutalipata.

Nyumba hiyo ilikuwa tembe, na tembe si pambo. Ni jengo la paa tambarare la udongo, kuta nene, vyumba vikizunguka ua, baraza mbele kwa ajili ya wageni na kahawa. Unene wa kuta ulihifadhi ubaridi mchana, na ulizuia risasi vita vilipokuja. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo, mtawala wa Urambo aliyekataa kuwaachia Waarabu njia ya biashara wapange watakavyo, aliishambulia Tabora. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa mji, aliuawa siku hiyo. Kule Kwihara Stanley alitoboa matundu ya bunduki ukutani na kupandisha bendera ya Marekani juu ya paa. Katika michoro ya mfanyabiashara wetu Mirambo hakuwa na hata glasi ya maji yenye jina lake.

Stanley aliondoka Septemba, akamkuta Livingstone Ujiji, na wawili hao wakarudi pamoja Kwihara Februari 1872. Kuna chupa moja ambayo watu wa baa wangeipenda sana. Stanley alikuwa amebeba shampeni ya Sillery na bilauri za fedha, akaifungua Ujiji walipokutana. Nasema "alikuwa amebeba" kwa mazoea ya lugha tu. Chupa ile ilisafiri kutoka pwani kwa nguvu za wapagazi, ikipita mabwawa ya Makata na ukame wa Ugogo. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa wa ratili zipatazo 70, yaani zaidi ya kilo 30, na Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ujira, kwa fahari, na kwa ustadi uliowafanya watafutwe na kila msafara.

Livingstone alibaki Kwihara tangu Machi hadi tarehe 25 Agosti 1872, akisubiri wanaume 57 ambao Stanley aliwatuma kutoka Zanzibar. Akala chakula cha wenyeji wake akijua, na akiandika, kwamba wengi wao walikuwa katika biashara aliyoichukia. Huo ndio ugumu wa Kwihara. Ukarimu wa kweli na utumwa wa kweli vilikaa katika ua mmoja. Mwarabu aliyemfungulia mgeni mlango kwa salamu na halua huenda ndiye aliyekuwa na watu wamefungwa nyuma ya nyumba. Mgahawa unaoonyesha baraza bila ua wa nyuma unadanganya. Ule unaogeuza ua wa nyuma kuwa urembo wa ukutani unafanya jambo baya kuliko kudanganya.

Lakini je, makumbusho zetu zimefanya vizuri zaidi? Tembe linaloonekana Kwihara leo si lile la 1872. La zamani lilibomoka, na hili lilijengwa upya katika miaka ya 1950, siku za mwisho za utawala wa Mwingereza, kwa kumbukumbu ya Livingstone. Linaitwa Tembe la Livingstone hadi hii leo, ingawa yeye alikuwa mgeni tu humo. Kwa maana fulani nalo ni jengo la dhamira, na dhamira yake ilichaguliwa na watu waliotaka kumkumbuka mtu wao. Tulipopata uhuru tuliirithi nyumba pamoja na jina lake, tukabaki kufagia ua.

Na Wanyamwezi wenyewe walitokaje usiku? Hapa ndipo michoro ya mfanyabiashara ilipokosa hazina iliyo karibu kabisa na mlango wake. Burton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, anaeleza kuhusu iwanza, nyumba ya watu wote iliyokuwapo katika vijiji vya Unyamwezi karibu na lango. Wanaume walikutana humo kuzungumza, kuvuta tumbaku, kucheza bao, kupokea wageni na kulala. Ngoma, mikuki na pinde zikitundikwa ukutani. Wanawake nao walikuwa na yao, na mgeni hakuruhusiwa kuingia. Katika vijiji hivyo palikuwa na pombe ya mtama, na nchi ile yenye misitu ya miombo haijawahi kupungukiwa na asali ya kutengenezea wanzuki. Burton aliandika kwa kejeli zake za kawaida, lakini anachokieleza ni taasisi: mahali pa kunywa ambapo pia ni mahali pa habari na pa hukumu ndogondogo za mtaa. Hatuhitaji kuazima klabu ya Waingereza ya 1888 ili tuwe na mfano wa ukumbi wenye adabu zake.

Aliporudi nilimweleza yote haya. Nilimwambia minyororo itoke. Nilimwambia kuna Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi, akawaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron. Apewe walau meza. Nilimwambia matobolwa, michembe na karanga ni vitafunio bora kuliko viazi vya kukaanga alivyoviandika.

Alinisikiliza, kisha akanijibu jibu ambalo linanisumbua bado. "Dokta, wateja hawaji baa kulia. Na nikuulize: wanafunzi wako wangapi wamefika Kwihara? Ukumbi wangu utajaa Ijumaa moja watu ambao hawatafika kule maisha yao yote."

Kwa hilo la pili ana haki. Wengi wa vijana ninaowafundisha wamepita Tabora wakiwa ndani ya treni, usingizini. Kama mtu anaweza kumjua Bombay kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye orodha ya vinywaji, sina sababu ya kununa. La kwanza silikubali. Watu hulia baa kila wiki, tena kwa mambo madogo zaidi ya haya. Anachokiogopa ni bili ndogo, na hofu hiyo ndiyo iliyompa Stanley ukurasa na kumnyima mpagazi.

Ukuta ule wa nyuma ya kaunta sasa hauna kitu, naye ameniomba pendekezo. Nimempa hili.

Livingstone alikufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakauchukua kuelekea pwani. Oktoba mwaka huo walifika Kwihara, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapo hapo. Walikataa. Hawakuwa na cheo chochote mbele ya ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, na bado walikataa. Mbele kidogo ya Unyanyembe, huko Kasekera, wakaambiwa watu hawatakubali maiti ipite nchini mwao. Basi wakafanya hila. Walitengeneza furushi la mabua ya mtama, wakalifunga kwa sanda mfano wa maiti, wakawatuma wenzao walirudishe kuelekea Unyanyembe kana kwamba wameamua kuzika. Walipofika porini waliyatawanya yale mabua, bua hapa bua pale, wakatupa sanda, wakarudi usiku mmoja mmoja kujiunga na wenzao. Na mwili wa kweli ulikwisha kufungwa upya kama robota la nguo za biashara, mzigo wa kawaida kati ya mizigo mingine, ukafika Bagamoyo Februari 1874.