Namba Iliyo Mgongoni mwa Kitabu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walimwasa mwenye duka, lakini maneno yao yanaifaa maktaba vilevile.

Zamani namba ya kitabu ilitaja mahali kilipowekwa, wala si habari iliyomo. Katika maktaba ya Sir Robert Cotton, Uingereza, juu ya makabati palikuwa na sanamu za watawala wa Roma. Muswada wenye utenzi wa Beowulf uliitwa Vitellius A xv, yaani kabati la Vitellius, rafu ya kwanza, kitabu cha 15. Kabati halipo tena, lakini jina hilo linatumika hadi leo. Ubaya wake ni kwamba rafu ikijaa, vitabu vikahamishwa, namba zote huwa uongo.

Mwaka 1873 kijana wa Kimarekani, Melvil Dewey, aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo cha Amherst, alibuni njia nyingine. Mwaka 1876 akachapisha kijitabu cha kurasa 44. Aligawa elimu yote katika mafungu 10, kila fungu likagawika mara 10, na kuendelea. Basi 900 ni historia na jiografia, 960 ni historia ya Afrika, 967.8 ni Tanzania. Namba ikawa mali ya kitabu. Rafu ikijaa, vitabu husogezwa tu, na majirani hubaki majirani.

Hata hivyo, mpangaji ni binadamu, na hupanga kwa macho ya kwao. Katika fungu la dini, 220 hadi 289 zilipewa Ukristo. Dini nyingine zikabanwa katika 290, Uislamu ukapata 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Fasihi za lugha nyingi za Kiafrika zimesongamana ndani ya 896, na Kiswahili ni 896.392.

Kwa hiyo, msomaji anayetafuta mashairi ya Shaaban Robert asikate tamaa kwenye rafu za mwanzo akidhani hayamo. Aende mwisho wa fungu la 800, asome namba hadi nukta yake ya mwisho. Akimaliza kusoma, akiache kitabu mezani, mkutubi akirudishe. Kitabu kilichopachikwa pasipo pake kimo nyumbani, lakini kimepotea kuliko kilichoazimwa, kwani cha kuazimwa angalau kimeandikwa daftarini.