Mti Uliohesabiwa kwa Umeme: Historia Fupi ya Dendrima Zenye Metali

Katika masomo ya historia tumezoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba. Insha hii inahusu kitu kisichoonekana kwa macho: molekuli zenye umbo la mti, ambazo wanakemia huziita dendrima. Hoja yangu ni kwamba dendrima zenye metali hazikupata heshima katika sayansi kwa sababu ya uzuri wa umbo lake tu. Zilipata heshima kwa sababu matawi yake yaliweza kuhesabiwa kwa umeme.

Wazo lenyewe lilichapishwa mwaka 1978 na Fritz Vögtle na wenzake huko Bonn, Ujerumani. Walichukua molekuli ndogo ya amini, wakaiongezea matawi mawili, kisha kila tawi likazaa mawili mengine. Kila mzunguko wa matawi huitwa kizazi. Hata hivyo, hatua moja ya kazi yao ilikuwa ngumu na mazao yake haba, hivyo mti haukukua sana. Mwaka 1985 Donald Tomalia na wenzake wa kampuni ya Dow, Marekani, walieleza miti iliyofikia vizazi vingi. Jina la dendrima, linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti, likaenea tangu hapo.

Basi likazuka swali la uthibitisho. Mtu akichora mti wenye matawi 12, tutajuaje kwamba yote 12 yapo kweli? Mchoro haujibu swali hilo. Naona hapa ndipo metali zilipoleta msaada mkubwa.

Mwaka 1992 wanakemia wa Italia, miongoni mwao Vincenzo Balzani wa Bologna na Sebastiano Campagna wa Messina, walitangaza dendrima yenye ioni 22 za rutheni: moja katikati, kisha 3, kisha 6, na 12 pembezoni. Waliipima kwa elektrodi. Katika kipimo cha namna hii volteji hupandishwa polepole na mkondo wa umeme huandikwa; metali inapotoa elektroni, kilele huonekana kwenye grafu. Zile rutheni 12 za nje zinafanana na hazigusani, kwa hiyo zilitoa elektroni zake kwa volteji ileile, na kilele kimoja kikabeba elektroni 12. Umeme ulifanya kazi ya karani wa sensa anayepita nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1994 huko Madrid, Isabel Cuadrado, Moisés Morán na wenzao walipachika ferosini kwenye ncha za miti ya silikoni. Ferosini ni chuma kilichoshikwa kati ya pete mbili za kaboni. Hutoa elektroni moja na kuipokea tena bila kuharibika. Mti wao wenye ferosini 8 nao ulionyesha kilele kimoja. Kama jirani angemsikia jirani, vilele vingegawanyika. Kwa hiyo grafu haikueleza idadi peke yake, ilieleza pia uhusiano wa matawi.

Wengine waliweka metali katikati ya mti. Huko Zürich, François Diederich na kundi lake walizungushia matawi porfirini yenye chuma, kama protini inavyokizunguka chuma katika sitokromu za miili yetu. Waliona kwamba matawi hubadilisha volteji ambayo chuma hupokea elektroni.

Je, Afrika iko wapi katika historia hii? Sehemu kubwa ya rutheni ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, lakini bara letu halikuishia kwenye mgodi. Mwaka 1993 watafiti wa Uholanzi na wa Ujerumani waliitatua ile hatua iliyomkwamisha Vögtle, na mti wake ukaanza kupatikana kwa wingi. Mti huohuo ulifika Chuo Kikuu cha Western Cape, ambako kundi la Emmanuel Iwuoha liliufunga kobalti na nikeli na kuutumia katika vitambuzi vya kemikali vinavyofanya kazi kwa umeme.

Ninaona jambo hili lina uzito kwetu wanafunzi wa nchi jirani tunaosoma kwa Kiswahili. Tukisimuliwa kwamba metali ni zetu na maarifa ni ya wengine, tutaamini hivyo, nasi tutaandika hivyo. Ukweli ni kwamba mti ulioanzia Bonn ulizaa matawi mengine Cape Town. Mwanahistoria anayelikata tawi hilo anapunguza hesabu, na elektrodi imetufundisha kwamba hesabu pungufu huonekana.