Wimbo wa Wafu Katika Ngoma ya Wachawi

Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto, habari za ngome yenye mizuka. Chapa ya pili, ya 1765, akaiita hadithi ya Gothiki. Vitisho vya namna hiyo vikaenea Ulaya, hata katika muziki.

Tutazame wimbo mmoja tu. Dies irae, yaani Siku ya Ghadhabu, ni wimbo wa Kilatini wa karne ya 13, ulioimbwa katika Misa ya wafu. Goethe, katika Faust ya mwaka 1808, amweka Gretchen kanisani akiusikia, na dhambi yake yamchoma hata azimie. Onyesho lifuatalo ni usiku wa wachawi mlimani. Basi wimbo na wachawi wamekaribiana, lakini mlango wa kanisa ungali kati yao.

Berlioz, msomaji wa kitabu hicho, aliuvunja mlango. Katika Symphonie fantastique, iliyopigwa Paris tarehe 5 Desemba 1830, kijana aliyelewa afyuni aota wachawi wakicheza penye maziko yake. Kengele zalia, vyombo vya sauti nzito vyapiga Dies irae polepole, kisha vingine vyaukimbiza kwa mzaha.

Je, ni kufuru? Twaona kwamba dhihaka ile ilipata nguvu kwa kuwa wasikilizaji walikwisha kuusikia wimbo ule walipowazika wapenzi wao. Tangu Misale ya mwaka 1970 hauimbwi tena kwa kawaida katika Misa ya maziko. Wengi huijua sauti yake kuwa ya kutisha tu, wala hawajui kwamba wimbo wenyewe ni sala ya kuomba rehema. Nasi tufundishao nyimbo, tusiwape wanafunzi sauti tukawanyima maneno.