Disleksia: Mtoto anayekwama kusoma si mvivu

Wasikilizaji wetu huuliza: kwa nini mtoto mwerevu, anayesimulia hadithi vizuri, hukwama akipewa kitabu? Huenda ana disleksia, yaani ubongo wake hupata shida kuoanisha herufi na sauti. Jina hilo lilitolewa na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, ingawa chanzo si macho wala uvivu.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto huyu anaweza kusoma maneno sawasawa ila polepole mno, akachanganya b na d, au akaruka herufi katika neno kama "mbwa".

Tiba yake si dawa. Baada ya kupimwa macho na masikio, mtaalamu humrudisha kwenye sauti: hugawa neno kwa kupiga makofi, ki-ta-bu, hutamka sauti huku akichora herufi mchangani kwa kidole, kisha huunganisha silabi. Mazoezi mafupi ya kila siku husaidia kuliko saa nyingi kwa mkupuo.

Mzazi, msomee kwa sauti kila jioni. Tunasisitiza: usimchape. Fimbo haifundishi herufi, humfundisha kuogopa kitabu.