Darasa la Msasani: Tingatinga na Vijana Wake

Ukitaja tingatinga leo, mjenzi wa barabara anafikiria buldoza, na mtalii anafikiria twiga wa rangi kali mwenye shingo iliyopinda hadi pembe ya ubao. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe anakumbukwa nusunusu tu. Tunalijua jina, tunazijua picha, lakini kazi yake ambayo mimi naiona kubwa kuliko picha hatuisemi sana: aliwafundisha kazi vijana ambao hakuna chuo kingewapokea.

Alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini kabisa, kwenye familia ya wakulima. Shule aliipata kidogo. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, akafuata katani Tanga, kisha akashuka Dar es Salaam kutafuta kibarua cha nyumbani na bustanini kwa Wazungu. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, si kijana mwenye kipaji aliyegunduliwa na mwalimu.

Tukumbuke mchoraji wa siku hizo alikuwa mtu wa namna gani. Sam Ntiro, Mtanzania aliyekuwa na jina kubwa katika uchoraji, alipita Makerere, akaenda Slade kule London, akawa hata balozi wetu Uingereza. Hiyo ndiyo ilikuwa njia: cheti, mtihani, Kiingereza. Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa mwaka 1967, na Elimu ya Kujitegemea ilikuwa mdomoni mwa kila mtu, lakini kijana wa Kimakua asiye na cheti aliyefika mjini bado alikuwa na chaguo la kubeba mizigo, kufyeka majani, au kukaa.

Tingatinga alichukua ubao mgumu wa dari, ule unaouzwa dukani wa futi nne kwa nane, akaukata mraba mraba. Rangi ilikuwa ile ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo Wazungu na mabalozi walikuwa wanakwenda kununua mahitaji yao. Hesabu ya biashara hapo ni nyepesi, na nadhani ndiyo siri yenyewe: malighafi ya bei ya chini, mteja mwenye pesa, na hakuna mtu wa kati anayedai cheti.

Picha zilipoanza kutoka, akaita watu. Walikuja nyumbani kwake Msasani, wengi wao ndugu na jamaa wa kutoka kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Mtaala? Hakuna. Ada? Hakuna. Lakini rangi yenyewe ilikuwa mwalimu. Rangi ya baiskeli haikauki upesi, kwa hiyo huwezi kukalia ubao mmoja. Unapaka usuli, unauweka kando, unaanza mwingine, unarudi wa kwanza uweke mnyama, kisha madoa, kisha mistari ya ukingo. Kazi ya namna hiyo inagawanyika yenyewe. Aliyefika jana anapaka usuli, na kesho anaruhusiwa madoa ya chui. Akikosea, anasubiri pakauke, anapaka juu. Sijui chuo gani kingemvumilia mwanafunzi hivyo.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora miaka minne tu. Darasa lingeweza kufa naye, na kwa kawaida ndivyo inavyokuwa fundi anapoondoka. Hawa hawakutawanyika. Waliendelea pamoja, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mpata alivuka mpaka hadi Nairobi, na leo kuna hoteli Maasai Mara yenye jina lake.

Mwaka huohuo wa 1972, mjini kulikuwa kunaanzishwa Nyumba ya Sanaa, ambayo nayo iliwapa kazi vijana wasio na njia nyingine. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi, akaishia kuwa msanii anayetafutwa Ulaya na Japani. Hadithi yake inahitaji makala yake.

Sasa lawama. Wakosoaji wamesema kwa miaka mingi kwamba hii ni sanaa ya uwanja wa ndege, nakala juu ya nakala. Sisi tunaosoma mashairi tungekuwa wa mwisho kulaumu. Nani alijifunza utenzi bila kuiga bahari ya waliomtangulia? Kuiga ni mlango. Ila kuna mahali lawama inauma kwa haki: soko lilimlipa yule anayerudia twiga, na aliyechora mawazo yake alilala njaa. Wapo waliokataa. Mohamed Charinda alijaza ubao waganga, ngano na maisha ya kijijini, mpaka picha ikawa ya kusomwa, siyo kutazamwa tu. Huyo ni mtunzi, basi tu kalamu yake ilikuwa brashi.

Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kuangalia katuni za Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama wa Afrika zilizochorwa kwa mtindo huo. Vijana wa studio moja ya Nairobi ndio waliozihuisha kwenye kompyuta, na wengi wao ujuzi waliupatia hapohapo kazini, kama Msasani. Ni jambo la kufurahisha. Pia ni jina la mtu wa Tunduru, lililogeuzwa kuwa jina la kipindi, na mtoto anayekiangalia hana habari kwamba alikuwa mtu.

Huku kwenye minada wanunuzi wanatafuta saini ya E. S. Tingatinga, na picha nyingi zenye saini hiyo zinabishaniwa. Wanafunzi walifundishwa kufuata mkono wake kwa uaminifu, na sasa uaminifu huohuo ndio unaofanya washukiwe. Wale wa Oysterbay siku hizi wanaandika majina yao wenyewe kwenye kona ya chini. Ukipita pale, kabla hujauliza bei, lisome.