Majigambo ya Karagwe na ushairi wa Kiingereza

Mwaka 1855 Mmarekani Walt Whitman alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu kidogo cha mashairi, Leaves of Grass. Shairi lake la kwanza ndilo refu kuliko yote. Ndani yake mshairi anajitaja, anajisifu na kujitapa kwa mistari mirefu isiyo na vina wala mizani. Wasomaji wengi wa siku hizo hawakuona kama hilo ni shairi. Leo Whitman huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa ushairi wa kisasa wa Kiingereza.

Katikati ya karne hiyohiyo, Rumanyika Orugundu alishika utawala wa Karagwe, ufalme wa Wahinda uliokuwa na makao yake Bweranyange. Eneo lake sasa liko mkoani Kagera, Tanzania, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilitenganishwa mwaka 2012. Huko, mtu kujisifu kwa mistari isiyo na vina ilikuwa desturi ya zamani, na hakuna aliyeishangaa.

Wanyambo na jirani zao Wahaya huita utungo huo ekyebugo. Vitabu vya fasihi simulizi vya Kiswahili huuita kivugo au majigambo. Mwanamume husimama mbele ya Mukama, yaani mfalme, na watu wake, mkuki mkononi, akajitaja kwa majina ya sifa na kueleza alichokitenda vitani au atakachokitenda akitumwa. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wahima wa Ankole nchini Uganda, mtafiti H. F. Morris alizikusanya tungo za jamii hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1964. Alionyesha jinsi msemaji anavyoutoa mstari kwa kasi bila kupumzika, na jinsi wasikilizaji wanavyomwitikia kila anapofika mwisho wake. Mstari hupimwa kwa pumzi ya msemaji na kwa itikio la waliomzunguka. Hakuna anayehesabu mizani.

Wageni waliofika kwa Rumanyika walikuta sanaa nyingine pia. Wasafiri kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe Novemba 1861. Grant aliumwa mguu, na Speke alipoendelea kwenda Buganda mwezi Januari, yeye alibaki hapo hadi Aprili 1862. Katika kumbukumbu zake za safari aliieleza nanga, ala ya nyuzi inayopigwa huku mwimbaji akisimulia. Kwa Wahaya, nanga imebeba tendi ndefu za mashujaa, na Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, alizifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986.

Henry Morton Stanley naye alipita njia hizo. Alionana na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875, na mwaka uliofuata akafika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu karibu na Bweranyange, akamtembelea Rumanyika. Ile ziara ya Buganda ndiyo iliyompa David Rubadiri shairi lake la Kiingereza lijulikanalo sana, "Stanley Meets Mutesa". Rubadiri, Mmalawi aliyesoma Makerere, alikuwa amemsoma mshairi T. S. Eliot. Wahakiki husikia katika ule msafara wa wapagazi waliochoka mwangwi wa shairi la Eliot la mwaka 1927 kuhusu safari ya Mamajusi. Kutoka kwa Eliot alichukua mstari huru na lugha ya mazungumzo. Maudhui yalikuwa ya Kiafrika: mlango unafunguliwa, mgeni anakaribishwa, na msomaji anajua kitakachofuata.

Mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alikwenda mbali zaidi. Song of Lawino, kilichotolewa Nairobi mwaka 1966, kilianzia katika Kiacholi. Lawino, mke aliyedharauliwa, anasimama mbele ya ukoo wake na kujitetea, akijivunia ngoma, chakula na urembo wa kwao. Kiingereza kilipata sauti hiyo kutoka katika nyimbo za Waacholi, na baada ya hapo washairi wengi wa Afrika Mashariki waliandika kwa ujasiri mpya.

Historia hii ni muhimu kwa sababu ya mgogoro uliozuka katika ushairi wa Kiswahili miaka ya 1970. Sheria zilizochapishwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 zilitaka shairi liwe na vina na mizani. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walipofuatia na Malenga wa Bara mwaka 1976, wanamapokeo waliwashutumu kwamba wanaiga Wazungu. Mulokozi na Kahigi walijibu kwamba jamii nyingi za Kiafrika zimetunga mashairi bila vina tangu zamani. Majigambo ya Kagera ni ushahidi ulio wazi wa hoja hiyo. Kezilahabi aliwasoma washairi wa Kiingereza, hilo halina ubishi, lakini mstari huru ulikuwapo Karagwe kabla ya shule ya kwanza kufunguliwa huko.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, wa Kayanga wilayani Karagwe na Nkwenda wilayani Kyerwa wakiwamo, wamefanya mtihani wa fasihi ya Kiingereza kwa kutumia Song of Lawino na Summons, diwani ya washairi wa Tanzania iliyohaririwa na Richard Mabala mwaka 1980. Huulizwa kuhusu dhamira, taswira na mtindo. Mwalimu wa Karagwe au Kyerwa ana nafasi ambayo wenzake wengi hawana: anaweza kumwalika darasani mzee anayejua kivugo, wanafunzi wakamrekodi kwa simu, kisha wakamlinganisha na Lawino au Whitman, mstari kwa mstari. Kazi hiyo ianze sasa, wazee hao wangali hai.